KWENYE LANGO LA UPEKUZI, ENTEBBE

Wengi wetu wa mashambani na viwandani hatujapata kupanda ndege, lakini kusachiwa tunakujua kuliko marubani. Ndiyo maana sisi wajumbe wanne, tulipokuwa tukirudi kutoka mkutano wa wafanyakazi wa mashamba ya chai nchini Uganda, tuliona tuwaandikie wenzetu habari za lango la upekuzi la kiwanja cha ndege cha Entebbe. Tabia ya mtu huonekana upesi akiambiwa avue mkanda wa suruali mbele za watu.

Kiwanja hicho kipo kando ya Ziwa Victoria, kama kilomita 40 kutoka Kampala. Wazee watakumbuka kuwa hapo ndipo ilipotua ndege ya Ufaransa iliyotekwa tarehe 27 Juni 1976. Watekaji waliipandia Athens, Ugiriki, na silaha zao wakapita nazo. Wakati huo Marekani ilikwisha kuanza kuwakagua abiria wote, tangu Januari 1973, kwa kuwa ndege zake zilitekwa mno. Kila amri ya langoni ina kisa chake. Viatu vilianza kutiliwa shaka baada ya Desemba 2001, mtu mmoja alipopanda ndege ya kutoka Paris kwenda Miami akiwa na baruti ndani ya viatu. Marekani wameacha kuwavua watu viatu Julai 2025 tu. Chupa zenye zaidi ya mililita 100 zilipigwa marufuku katika viwanja vingi baada ya Agosti 2006, ilipogunduliwa Uingereza njama ya kulipua ndege kwa baruti ya maji.

Kazi yenyewe ni hivi. Unaweka mzigo juu ya mkanda unaotembea, kama ule unaopeleka majani ya chai kiwandani, nao unapita ndani ya mashine inayoona vilivyomo. Wewe unapita katika mlango usio na ukuta, na kama una chuma mwilini mlango unalia.

Basi hapo ndipo vituko vinapoanza. Bwana mmoja mlango ulimlilia, akarudi akatoa sarafu. Ukalia tena, akatoa funguo. Mara ya tatu akatoa kijiko, na hata yeye alikitazama kwa mshangao. Kijana mwingine aliambiwa maji hayapiti. Badala ya kuyamwaga akainua chupa ya lita moja na nusu akainywa yote palepale, macho yamemtoka, foleni nzima ikingoja. Sisi tulimwunga mkono, maana aliyanunua kwa fedha yake. Nyuma yake alikuwapo mama mwenye mtungi wa asali. Wakamwambia asali ni maji. Akawauliza ni nani kati yao aliyewahi kunawia asali. Walicheka, lakini mtungi ulirudi nyumbani na mpwa wake aliyemsindikiza.

Senene, kwa upande wao, si chuma wala si maji. Novemba 2021 abiria wa ndege ya Uganda iliyokuwa ikienda Dubai alionekana akiwauzia wenzake senene ndani ya ndege, kama yupo stendi ya basi. Picha zilienea kote. Wenzetu wa Bukoba hawatashangaa.

Lakini lililotugusa ni jingine. Mbele yetu alikuwapo bwana wa tai na koti. Alipoambiwa ainue mikono alikasirika, akamwuliza askari kama anamjua yeye ni nani. Ikabidi aelezwe namna ya kusimama. Zamu yetu ilipofika, sisi wanne tuliinua mikono kabla ya kuambiwa, tukapanua miguu, tukageuka wenyewe. Dada mkaguzi akacheka, akatuuliza kwa Kiswahili chake cha Uganda kama tunafanya kazi kiwandani. Tulicheka naye, kisha tukanyamaza.

Kwenye ndege mtu husachiwa akiingia, kwa usalama wake mwenyewe, na mwenye tai husachiwa pamoja na kabwela, ukiacha wale wanaopitia mlango wa wakubwa. Pale kiwanja cha Nairobi hata nje getini abiria wamepata kushushwa garini wakapita kwenye ukaguzi kwa miguu. Bosi alitembea, dereva wake akabaki kwenye usukani. Kiwandani tunasachiwa tukitoka, baada ya kuchoka, na gari la meneja linapita kwa saluti. Tunakijua kiwanda kimoja ambako akina mama wa zamu ya usiku hugonga kadi kwanza, ndipo wakapanga foleni ya kusachiwa karibu nusu saa, na basi limekwisha ondoka. Nusu saa hiyo hailipwi.

Jambo hili limefika mahakamani kwingine. Tarehe 9 Desemba 2014 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua kuwa wafanyakazi wa maghala ya Amazon walioajiriwa kupitia wakala hawadai malipo ya muda wa kungoja kusachiwa, ingawa walisema walikuwa wakingoja kama dakika 25 kila siku. Lakini Februari 2020 mahakama ya juu ya jimbo la California, kwa sheria ya jimbo hilo, iliamua kuwa wafanyakazi wa maduka ya Apple walipwe muda wa kupekuliwa mifuko yao. Maana yake jambo hili linabishaniwa, na sisi tuna haki ya kulibishania.

Katika mazungumzo yajayo ya mkataba wa hiari tunataka kadi igongwe baada ya kusachiwa, wanawake wasachiwe na wanawake nyuma ya pazia, na buti la gari la meneja lifunguliwe kama mifuko yetu. Mwajiri atauliza ni dakika ngapi hasa. Kwa hiyo andikeni saa ya kengele na saa mliyokanyaga nje ya lango, siku sita mfululizo, na karatasi mpeni katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi.