Gemu ya Bure na Kinga Unayoizima

Mvuto wa gemu za wizi zilizobanwa unaeleweka. Grand Theft Auto V ilipotolewa kwa kompyuta mwaka 2015 ilihitaji gigabaiti 65 za diski, na kwa anayenunua intaneti kwa bando, mzigo huo ni mzito kabla hata ya kufikiria bei. Mbanaji huchukua gemu ambayo kufuli yake ya leseni imeshavunjwa, huondoa sauti za lugha ambazo mchezaji hazihitaji, kisha hubana mafaili upya kwa nguvu. Unaposakinisha, kompyuta yako ndiyo inayoyafumua, wakati mwingine kwa saa kadhaa. Kubana huko si hatari. Hata kampuni halali hubana gemu zake. Hatari imo katika sharti linaloambatana na gemu hizi: zima antivairasi kwanza.

Sharti hilo lina sababu ya kiufundi. Faili lililochezewa ili kukwepa leseni hufanana kitabia na kirusi, kwa hiyo antivairasi hulipigia kelele hata lisipokuwa na dhara jingine. Mchezaji huzoea kuamini kwamba kila onyo ni la uongo, na siku onyo la kweli linapokuja hana namna ya kulitambua. Programu hasidi iitwayo Crackonosh ilijificha katika mazoea hayo. Mwaka 2021 kampuni ya antivairasi ya Avast ilieleza kwamba programu hiyo, iliyofichwa ndani ya nakala za wizi za gemu kama GTA V, NBA 2K19 na The Sims 4, ilikuwa imeingia katika kompyuta zaidi ya 222,000. Iliifanya Windows iwake katika hali salama, ambako antivairasi nyingi hazifanyi kazi, ikazifuta, kisha ikatumia kompyuta za watu kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 2.

Wapo wanaosema wanashusha kwa wabanaji wenye sifa tu, au baada ya wenzao kujaribu. Lakini jina la mbanaji huigwa kwa urahisi na tovuti bandia, na jaribio la mwenzako lina mipaka. Watafiti wa kampuni ya antivairasi ya Kaspersky walikuta gemu kama BeamNG.drive na Garry's Mod zikiwa zimewekwa mtandaoni na kirusi ndani yake tangu Septemba 2024. Mashambulizi yalianza Desemba 31, sikukuu ilipowadia. Aliyejaribu Oktoba angeapa kwamba gemu ni salama.

Wengine husema hawana cha kuibiwa. Crackonosh haikuhitaji akiba ya mtu: ilitaka umeme wake na nguvu ya kompyuta yake. Na kompyuta ya nyumbani hutumiwa na wengi; nywila ya barua pepe ya mzazi imo humo humo.

Hoja ya bei ndiyo nzito kuliko zote, na haijibiwi kwa mahubiri. Inajibiwa kwa njia mbadala: SuperTuxKart na 0 A.D. ni za bure kihalali, na GTA V yenyewe iligawiwa bure na Epic Games Mei 2020. Anayesubiri ofa hupoteza muda kidogo. Anayezima kinga hukabidhi kompyuta nzima kwa mtu asiyemjua, na hana tena chombo cha kumwambia kama ameibiwa. Gemu inayodai sharti hilo isisakinishwe.