Yavuyavu na jamaa zake waliopoteza tumbo

Sisi watu wa Pwani twamjua vyema yavuyavu. Akikugusa ukiogelea, ngozi yote huwaka. Lakini ana jamaa zake wasioonekana kwa macho, waishio ndani ya nyama ya samaki.

Wataalamu huwaita miksozoa. Kwa miaka mingi walihesabiwa pamoja na vijidudu vya seli moja, kwani ukiwatazama kwa hadubini huoni mdomo, tumbo wala neva. Ni chembe za seli chache tu. Dalili moja ilitia shaka: kila chembe ina vifuko vyenye uzi uliojikunja, ambao hufyatuka kumshika samaki, mfano wa vile yavuyavu anavyochomea.

Vinasaba vikakata shauri. Mwaka 2015 watafiti walichapisha jenomu ya Kudoa iwatai, ikathibitika kuwa ni wa ukoo wa yavuyavu na matumbawe. Jenomu hiyo ina herufi kama milioni 22 tu. Ya binadamu ina bilioni 3. Mwaka 2020 kundi la Dorothée Huchon wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv likaonyesha kwamba Henneguya salminicola, aishiye ndani ya salmoni, amepoteza hata vinasaba vya mitokondria, lile jiko la seli litumialo oksijeni. Mnyama asiyepumua!

Naipenda habari hii kwa kuwa yavunja dhana tuliyopewa shuleni, kwamba mageuko ni ngazi ya kupanda tu. Sivyo. Kila kiungo kina gharama ya kukilisha. Aletewaye chakula mlangoni, tumbo la nini? Kizazi baada ya kizazi, kisichohitajika hupotea.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Huyu amekuwa maskini wa vinasaba kweli, ila hakufa. Amezaana na kuenea. Alichouza ni uhuru wake: samaki wake akitoweka, hana pa kwenda.

Wavuvi nasi yatuhusu. Kimelea mwengine wa jamii hii, Kudoa thyrsites, hutoa kimeng'enya kinachoyeyusha nyama samaki akishakufa. Huko Cape, Afrika Kusini, samaki aitwaye snoek hulainika hadi akawa kama uji. Kwa hivyo ukiona samaki amelegea, usikimbilie kumlaumu mchuuzi kuwa hakumtia barafu. Huenda jamaa wa yavuyavu alitangulia kufika.