China na Mafuta ya Ghuba ya Waajemi

Wengine katika wasomaji wetu wametuuliza: China yatafuta nini katika ugomvi wa Waarabu na Waajemi, nayo iko mbali hivyo? Jibu lake ni mafuta. Tokea mwaka 1993 mafuta ya nchi yake hayakuitosha tena, ikawa hununua. Njia kuu ya merikebu zichukuazo mafuta ya Saudia, Iraki na Kuwait ni mlango mwembamba wa Hormuz, baina ya Iran na Omani. Majirani wagombanapo hapo, mnunuzi naye hakosi wasiwasi. Saudia na Iran zilivunja uhusiano Januari 2016. Tarehe 10 Machi 2023 wajumbe wao wakapatanishwa mjini Beijing. Nasi hatudhani ilikuwa hisani tupu: mpatanishi alikuwa mteja wa wote wawili, na manowari kubwa zenye kituo katika ghuba ile, huko Bahrain, zilikuwa za Marekani, mshindani wake.