Ukuta wa Moto, Ngome na Kiraka

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza walimu wetu ni istilahi za usalama wa kompyuta. Kompyuta zimeingia shuleni Kinango kama kwingineko, na simu za mkononi ziko mikononi mwa wazee wasiowahi kusoma Kiingereza. Wezi nao wamefuata vyombo hivyo. Je, mwanafunzi atamwonya vipi nyanyake ikiwa hatari hizo anazijua kwa majina ya kigeni pekee?

Tuanze na neno virusi. Asili yake ni ng'ambo, ila Kiswahili kimelilea kama mwana wake wa kuzaa. Silabi yake ya kwanza ilifanana na kiambishi cha wingi cha ngeli ya KI-VI, wasemaji wakaunda umoja wake, kirusi. Kirusi cha kompyuta ni programu inayojinakili na kujipachika ndani ya programu nyingine. Kutokana na neno hilo tumepata kingavirusi, yaani programu ya kuvisaka na kuviondoa. Istilahi hii inajieleza yenyewe.

Mambo ni tofauti kwa ukuta wa moto, jina wanalolitumia baadhi ya wafasiri kwa kizuizi kinachochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka katika mtandao. Kwa Kiingereza, jina hilo lilitokana na ukuta wa jengo unaozuia moto usienee. Kwa Kiswahili, ukuta wa moto ni ukuta unaowaka! Tafsiri imegeuza maana juu chini.

Neno ngome linafaa zaidi, na mkazi wa Kinango ana mfano wake karibu. Kaya za Waduruma, Gandini na Mtswakara, ni miongoni mwa kaya takatifu za Wamijikenda zilizotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2008. Wazee walijikinga ndani ya misitu hiyo, wakipita kwa njia chache zilizolindwa. Ngome ya mtandao hufanya kazi iyo hiyo: hukagua apitaye, ikamruhusu au ikamzuia.

Lipo pia neno kiraka, ambalo kila mwenye nguo kuukuu analifahamu. Watengenezaji wa programu wakigundua tundu, hutoa kiraka cha kuliziba. Mnamo Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha namna hiyo. Mwezi wa Mei mwaka uo huo, programu hasidi iitwayo WannaCry ilipenya kupitia tundu lile lile, ikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Wengi wa walioathirika hawakuwa wametia kiraka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na yule atumaye ujumbe wa uongo ili upate kumpa nambari yako ya siri? Mvuvi wa Msambweni hahitaji mhadhara. Mwambie kwamba huo ni ulaghai wa chambo, naye atatambua mara moja ndoana ilipo.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Heshima hiyo itabaki karatasini ikiwa onyo la wizi halimfikii mwenye kuibiwa kwa lugha aielewayo. Hapana budi, basi, walimu wa Kiswahili na wa kompyuta waketi pamoja, wachague istilahi moja kwa kila dhana, na kuipima kwa swali hili: je, mzee asiyejua Kiingereza akilisikia neno hili atajikinga, au ataduwaa? Neno lisilomkinga msikiaji halijakamilisha kazi yake, hata likiwa limeandikwa katika kamusi.