Marejea na Wadudu Wayalao

Yako majani ambayo ni rafiki wa shamba na adui wa zizi. Marejea ni mojawapo. Yapasa mkulima wa Karatu na mfugaji wa Endulen wayafahamu vema, kila mmoja kwa upande wake, kwa maana kosa la mmoja laweza kumdhuru mwenzake.

MAREJEA NI MMEA GANI

Marejea ni mmea wa jamii ya kunde. Wataalamu huuita Crotalaria. Zipo aina karibu 700 duniani, na zilizo nyingi zaidi ziko Afrika. Maua yake kwa kawaida ni ya manjano, na umbo lake ni kama ua la kunde. Ganda lake limevimba kama kibofu. Likikauka, mbegu hulegea ndani yake, na ukilitikisa lalia kama kayamba. Hiyo ndiyo alama rahisi ya kuutambua mmea huu.

Aina moja ya porini, iitwayo Crotalaria agatiflora, huota katika nyanda za juu za Ngorongoro. Ni kichaka chenye maua makubwa ya manjano yaliyochanganyika na kijani. Aina inayopandwa sana mashambani katika Tanzania ni Crotalaria ochroleuca, yenye majani membamba.

FAIDA YAKE SHAMBANI

Katika mizizi ya marejea kuna vinundu, na ndani ya vinundu hivyo huishi bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani. Marejea yakikatwa na kufukiwa yangali mabichi, naitrojeni hiyo hubaki udongoni, na mahindi yanayofuata huipata. Tena yako marejea yanayopunguza minyoo fundo, ile inayovimbisha mizizi ya nyanya na mboga nyingine. Katika miaka ya 1980 watawa Wabenediktini wa Peramiho, huko Ruvuma, walieneza sana kilimo cha marejea, na wakulima wengi wakayajua kwa njia hiyo.

SUMU YAKE

Marejea yamejilinda kwa sumu ya jamii ya alkaloidi. Kiasi chake si sawa katika kila aina. Nyingine zina sumu kidogo, hata huko magharibi ya Kenya watu hula majani ya aina mbili kama mboga. Nyingine ni kali sana. Kwa kawaida mbegu ndizo zenye sumu zaidi.

Sumu hii haiui mara moja kama kuumwa na nyoka. Mnyama akiila, huingia katika ini, na ini lenyewe ndilo linaloigeuza kuwa kitu kikali kinachoharibu ini hilo hilo. Madhara hujikusanya kidogo kidogo. Ng'ombe aweza kula leo, akaonyesha dalili baada ya majuma mengi, hata wakati ambapo majani yenyewe yamekwisha kusahauliwa. Hukonda, huzubaa, huharisha na kukamua, pengine tumbo hujaa maji na macho huwa ya manjano. Ndigana kali huja na homa na kuvimba kwa tezi, lakini ugonjwa huu kwa kawaida huja polepole. Dawa ya kuliponya ini lililoharibika hivyo hakuna. Ng'ombe, punda na nguruwe hudhurika kwa urahisi. Mbuzi na kondoo huvumilia zaidi, lakini wao pia wana kikomo chao. Kuyakausha majani hakuondoi sumu.

Mwanadamu naye hana kinga. Mwaka 1976 madaktari wa India walieleza habari za wilaya ya Sarguja, ambako watu walikula nafaka ndogo mfano wa ulezi iliyochanganyika na mbegu za Crotalaria. Watu 67 waliugua ini, na 28 kati yao walikufa. Hawakula marejea kwa kukusudia. Walikula ugali wao wa kila siku. Na mwaka 1975 wataalamu walitangaza kwamba panya waliolishwa aina moja ya Tanzania, Crotalaria laburnoides, walipata ugonjwa wa moyo na mapafu.

WADUDU WAYALAO

Mtu akiona majani ya marejea yametobolewa na viwavi, aweza kusema: "Kama mdudu mdogo hivi anakula na hafi, ng'ombe mkubwa atadhurika vipi?" Hapo ndipo watu wanapokosea.

Mdudu ajulikanaye zaidi ni nondo mdogo aitwaye Utetheisa. Mbawa zake za mbele ni nyeupe, zina madoa meusi na mekundu. Huruka hata mchana. Kiwavi wake ana manyoya, mwili wake ni wa rangi ya giza, na ana alama nyeupe na za machungwa. Hula majani, kisha hutoboa ganda na kula mbegu. Mwili wake una uwezo ambao ng'ombe hana: huigeuza ile sumu iwe katika hali isiyomdhuru, kisha huiweka akiba mwilini. Akigeuka kuwa nondo, hubaki nayo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walimchunguza ndugu yake wa huko. Waliona kwamba buibui akimnasa nondo huyo humkatia nyuzi za utando na kumwachia aende zake. Dume humpa jike sehemu ya sumu wakati wa kujamiiana, na jike huipitisha katika mayai, nayo yakapata ulinzi.

Kwa hiyo zile rangi zake kali si pambo. Ni onyo kwa ndege na buibui: "Usinile, nina sumu." Na sumu hiyo ameitoa katika jani lile lile. Basi usimfanye kiwavi huyu kuwa mwonjaji wa chakula cha mifugo yako. Kumwona amenenepa juu ya marejea si dalili kwamba marejea ni salama.

Wako wengine. Panzi wa rangi kali aitwaye Zonocerus huvutwa na sumu hiyo hiyo, naye ni mharibifu wa mihogo na miche mingi. Yuko pia kipepeo mdogo wa buluu, Lampides boeticus, ambaye viwavi wake huishi ndani ya maganda ya marejea na ya maharage vilevile. Lakini kiwavi wa Utetheisa si mdudu wa mahindi. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Tanzania mwaka 2017, mkulima aonapo kiwavi hukimbilia bomba la dawa. Kwanza tazama. Kiwavijeshi vamizi ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa katika uso wake, wala hana manyoya mengi. Ikiwa ni Utetheisa, na marejea yako ni ya kufukiwa tu, usipoteze fedha kwa dawa.

YAMPASAYO MKULIMA

1. Kata na ufukie marejea yanapoanza kutoa maua. Usingoje maganda. Hivyo utapata mbolea njema, wala mbegu hazitaanguka shambani.

2. Ukitaka mbegu, tenga kipande kidogo, mbali na maharage, ukizungushie ua ili mifugo isiingie.

3. Kagua kipande hicho mara kwa mara. Ukiona panzi wa Zonocerus wangali wachanga, wamejikusanya pamoja, waokote asubuhi kabla jua halijawapa nguvu.

4. Kabla ya kuvuna nafaka au maharage, ng'oa kila mmea wa marejea uliojiotea ndani. Usivune pamoja ukidhani utachagua baadaye.

5. Pura marejea mahali pa peke yake. Usitumie uwanja huo, turubai hilo wala magunia hayo kwa chakula. Makapi yenye mbegu usiwape kuku, yafukie.

6. Pepeta na kuchekecha chakula chote kabla ya kukiuza.

YAMPASAYO MFUGAJI

Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo kilikatazwa tena mwaka 2009, baada ya kuruhusiwa kidogo tangu 1992. Kwa hiyo mahindi ya Endulen hutoka nje, na mengi hupandishwa kwa barabara ipitayo ukingo wa kreta. Mama wa boma hakuliona shamba yalikotoka. Basi na alione gunia. Amwage mahindi au maharage juu ya ungo, ayatazame kabla ya kwenda mashineni. Akiona mbegu ndogo zisizojulikana, zenye kung'aa na umbo la figo au moyo, azitoe zote. Zikiwa nyingi, asisage, alirudishe gunia.

Ng'ombe aliyeshiba kwa kawaida huyaacha marejea. Hatari huja wakati wa kiangazi, nyasi zikiisha, na mifugo inapopita katika mashamba yaliyovunwa. Umwulize mwenye shamba kabla ya kuingia: je, palipandwa marejea? Usinunue majani makavu yenye maganda yanayolia kama kayamba. Wanyama wakikonda bila homa, mwite mtaalamu wa mifugo, umweleze walichokula miezi iliyopita, si jana tu. Wala usiyachemshe marejea ya porini kuwa dawa ya watoto.

Marejea hayana haja ya kuogopwa hata yakaachwa kabisa. Yanarutubisha udongo uliochoka. Lakini yabaki mahali pake, yaani chini ya udongo, kabla hayajazaa. Mkulima akipepeta vema, na mfugaji akiuliza vema, nondo atabaki peke yake na sumu yake.