Gharama ya Msaidizi wa Mtandaoni Haiko kwenye Ada

Mwenye duka wa Nyeri mjini, Karatina au Nanyuki amekuwa na msaidizi wa mbali kwa miaka mingi bila kumwita hivyo. Ni kijana wa saiba. Ndiye humjazia ritani za kodi za KRA tarehe 30 Juni inapokaribia, humchapia barua, humskania kitambulisho na kumtumia maombi kwenye eCitizen. Hulipwa kwa kazi, papo hapo, na mwenye duka hurudi kwenye kaunta yake. Siku hizi amezuka mwenzake anayeitwa msaidizi wa mtandaoni: anakaa nyumbani kwake King'ong'o au Ruring'u, ana kompyuta yake na bando lake, anajibu WhatsApp ya biashara, anapanga miadi, anapandisha picha za bidhaa, anatayarisha ankara na kuwakumbusha wadeni. Swali la kwanza analoulizwa ni moja tu, kwamba anataka pesa ngapi kwa mwezi. Ni swali la haki, ila limeanzia mahali pabaya. Ada anayoitaja msaidizi ni sehemu nyepesi ya gharama. Sehemu nzito hutoka kwenye saa za mwenye biashara mwenyewe, na kwa hiyo biashara ambayo haijaandika kazi zake popote itamwona ghali hata akija kwa bei ya kutupa.

Tuanze na karani wa kawaida, maana huyo ndiye kipimo ambacho kila mtu anacho kichwani. Tuseme duka la Karatina linamlipa shilingi 18,000 kwa mwezi. Mshahara huo ni wa mfano, lakini nyongeza zake ni za kweli. Mwajiri huongeza asilimia 6 ya NSSF, yaani shilingi 1,080, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, shilingi 270, na shilingi 50 za ada ya mafunzo ya viwandani, NITA. Ile asilimia 2.75 ya bima ya afya hukatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi, kwa hiyo tuiache. Jumla ni shilingi 19,400 kwa mwezi, au 232,800 kwa mwaka. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa karani likizo ya siku 21 za kazi huku akilipwa. Ukitoa hizo, siku za mapumziko na sikukuu za kitaifa, zinabaki takriban siku 280 za kuwa dukani, na kila siku inakula shilingi 831. Kwa siku ya saa 8 ni shilingi 104 kwa saa, na hapo ndipo wengi huzima kikokotoo wakisema hakuna msaidizi wa mtandaoni atakayekubali bei hiyo. Wamezima mapema. Kati ya saa hizo 8, ni ngapi kweli za kujibu ujumbe, kuandika madeni na kutoa ankara? Zikiwa 3, na 5 zilizobaki ni za kungoja mteja aingie, basi saa moja ya kazi ya mezani imekugharimu shilingi 277.

Sasa mchukue msaidizi wa mtandaoni anayetoza shilingi 300 kwa saa, saa 40 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 12,000, na hakuombi meza, stima wala kompyuta. Matangazo ya kazi hii huishia hapo, na ndiyo maana yanapotosha. Mwezi wa kwanza mwenye biashara atakaa naye kwenye simu akimweleza bei, akimtajia wateja wa mkopo, akisoma alichokiandika na kukirekebisha. Saa 15 hupita upesi. Kama saa ya mwenye biashara, akiwa fundi cherehani au mkaanga kahawa, ina thamani ya shilingi 500, basi ametumia shilingi 7,500 ambazo hazikuandikwa popote. Jumla imefika 19,500. Tena, robo ya kazi ya mwezi huo ikirudiwa kwa sababu ya makosa, umepata saa 30 zenye faida, kila moja kwa shilingi 650. Mambo yakienda vizuri, kufikia mwezi wa tatu saa zako za kusimamia zimeshuka hadi 3, makosa yamebaki machache, na saa yenye faida imeshuka hadi karibu shilingi 355. Ada ya msaidizi haikubadilika hata senti. Kilichoshusha gharama ni maelezo kutoka kichwani mwako na kukaa mahali anapoweza kuyasoma.

Jambo hili linaonekana vizuri zaidi kwenye biashara za utalii zilizotapakaa kutoka Naro Moru hadi Nanyuki na Chogoria. Chukua nyumba ndogo ya wageni inayopanga safari za Mlima Kenya. Usiku inaingia barua pepe kutoka Ujerumani: watu 4 wanataka kufika Kilele cha Lenana mwezi wa Aprili, wapande kwa njia ya Chogoria, washukie Sirimon, kwa siku 3, na wanauliza bei. Mistari mitano tu, lakini jibu lake lina uzito. Aprili ni katikati ya masika, na barabara ya msituni kutoka Chogoria hadi langoni hugeuka tope linalotaka gari la magurudumu yote manne. Lenana iko mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, na anayepanda mbio mbio huugua kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo siku 3 kwa njia hiyo ndefu ni chache. Ada za hifadhi hulipwa kupitia eCitizen, mbali na malipo ya kiongozi, wapagazi na mpishi. Haya yote yakiwa kichwani mwa mwenye nyumba peke yake, msaidizi lazima ampigie simu, na huenda simu imkute mlimani mahali pasipo na mtandao. Mgeni hupoa, akatafuta kampuni nyingine. Yakiwa yameandikwa kwenye karatasi mbili, njia kwa njia, mwezi kwa mwezi, pamoja na bei na maneno ya kumshawishi mgeni aongeze siku, msaidizi hujibu kwa dakika 20 na kukuachia nakala uisome ukishuka.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni kwamba karani wa dukani hafanyi kazi moja. Anafagia, anapokea mzigo kutoka kwenye matatu, analinda duka mwenyewe akienda benki, na mama mzee akija anampa kiti. Ni kweli, na hakuna hesabu ya saa itakayofuta ukweli huo. Duka la vifaa vya ujenzi pale Chaka, ambalo wateja wake huja kwa miguu na kulipa wakiwa wamesimama, halihitaji msaidizi wa mtandaoni. Likimwajiri litakuwa linalipia fasheni. Anayemhitaji ni yule ambaye mauzo yake huanzia kwenye simu: mwenye nyumba za kulala wageni, mkaanga kahawa anayetuma pakiti Nairobi, mpiga picha wa harusi, mtengenezaji wa keki, wakala wa nyumba za kupanga. Kwa hao, ujumbe uliokaa bila jibu kutoka asubuhi hadi jioni ni mauzo yaliyopotea, na karani aliyeshughulika na mteja wa kaunta hana mkono wa tatu wa kuushika.

Pingamizi la pili hutoka kwa wale waliosikia kwamba Ufilipino na India kuna wasaidizi tele, wazoefu na wa bei nafuu. Wapo kweli, na kwa kampuni inayofanya kila kitu kwa Kiingereza huenda wakafaa. Lakini mteja wa Othaya hutuma ujumbe wa sauti kwa Kikuyu, katikati anachanganya Kiswahili, anauliza kama zile mbao za wiki jana bado zipo. Hakuna mtu wa Manila atakayeelewa hapo. Tena Mlima Kenya umezungukwa na vyuo: Dedan Kimathi hapa Nyeri, Karatina, Kirinyaga, Embu, Chuka, Meru, Murang'a. Serikali nayo imekuwa ikiwafunza vijana kazi za mtandaoni kupitia mpango wa Ajira Digital tangu 2016. Watu wapo. Tatizo ni kwamba kijana hodari hashindani na karani wa duka jirani tu. Anaweza kumfanyia kazi mteja wa Marekani kwa dola 5 kwa saa, ambazo kwa shilingi 129 kwa dola ni shilingi 645. Ukimlipa 200 atakaa kwako akingoja dola, na siku dola zikija atakuaga kwa heshima. Utaanza upya na mwingine, saa 15 za kufundisha, robo ya kazi kurudiwa. Katika hesabu yetu, kila anapoondoka mmoja unarudi kwenye gharama za mwezi wa kwanza. Kwa maoni yangu mwenye biashara mdogo afadhali anunue saa 20 kwa shilingi 400 kuliko saa 40 kwa 200. Fedha ni zile zile 8,000, ila huyu wa kwanza ana sababu ya kubaki, nawe unalazimika kuchagua kazi zilizo muhimu kwanza.

Kuna wanaompenda msaidizi wa mtandaoni kwa sababu moja tu, kwamba hana NSSF wala likizo. Hapa tahadhari inahitajika. Neno mkandarasi kwenye karatasi halimfanyi mtu kuwa mkandarasi. Ukimtaka awe mtandaoni saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, umkataze kuchukua wateja wengine na umsimamie kila hatua, mahakama ya ajira itaangalia mnavyoishi kuliko mlichoandika, na mahakama hiyo ina kituo chake papa hapa Nyeri. Mlipe kwa kazi au kwa saa, mwachie uhuru wa ratiba, akuletee ankara. Kuhusu ankara, tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, hayakubaliwi kupunguza faida inayotozwa kodi. Na kama unalipa ile kodi ya asilimia 3 ya mauzo yote, iliyowekewa biashara zenye mauzo ya shilingi milioni 1 hadi 25 kwa mwaka, fahamu kwamba malipo ya msaidizi hayakupunguzii kodi hata kidogo, maana kodi hiyo haiulizi matumizi. Wengi hulisahau hili wanapopanga bajeti.

Hofu ya kumkabidhi simu ya biashara mtu usiyemwona ina mantiki, lakini mara nyingi hutokana na kumpa mtu funguo zote wakati alihitaji mlango mmoja. Akaunti moja ya WhatsApp Business inaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe, kwa hiyo laini yako inabaki mfukoni mwako. Nambari ya siri ya M-Pesa haimhusu, na kama kazi yake ni kulinganisha malipo na ankara, taarifa ya malipo ya siku inamtosha. Kinachopuuzwa zaidi ni picha za vitambulisho na pasipoti za wageni. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuwajibisha wewe, uliyezikusanya, hata zikivuja kwenye kompyuta ya msaidizi, na uvujaji unaoweza kuwadhuru wenye data hizo unatakiwa uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kurasa mbili za makubaliano ya siri na tarehe ya kufuta nakala hazigharimu chochote.

Wapo pia wanaosema kwamba tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, msaidizi wa kibinadamu amepitwa na wakati. Programu hizo huandika barua nzuri, na anayeendelea kulipia saa za kuchapa tu anapoteza pesa. Ila programu haijui, mpaka mtu aiambie, kwamba chumba cha tatu kinavuja au kwamba mteja fulani wa Kerugoya huahidi kulipa Ijumaa na hulipa Jumanne. Imepunguza saa za msaidizi, na mwenye biashara ana haki ya kudai upungufu huo uonekane kwenye ankara.

Kwa anayetaka kujaribu, chukua daftari la kawaida na wiki mbili, ikiwezekana zile za msimu wako wa kazi nyingi: kwa mwenye wageni, Januari au Agosti, kwa mwenye kahawa, kuanzia Oktoba. Andika kila ujumbe ulioingia, uliujibu baada ya muda gani, kuujibu kulikuchukua dakika ngapi, na jibu lilikuwa lipi. Majibu yanayojirudia yaandike vizuri mara moja. Kisha jumlisha saa ulizotumia kujibu. Zikipungua 4 kwa wiki, baki na simu yako na majibu hayo uliyokwisha kuyaandika. Zikizidi, una kazi ya kumpa mtu, na daftari hilo ndilo la kumkabidhi siku ya kwanza.