Kansa ya Taya Haiambukizi kwa Kucheza Pamoja

Mtoto wa miaka mitano anavimba taya. Nyumbani wanadhani ni jino. Jino linang'olewa, uvimbe unazidi, na meno mengine yanaanza kulegea. Hapo ushauri unakuwa mwingi. Huyu anasema apelekwe kwa mganga, yule anawazuia wanawe wasicheze naye wasije wakaambukizwa. Iwe Mbagala au Tandale, hofu ni ile ile. Je, kansa huambukiza?

Jibu linaanzia Kampala. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Akawatafuta wengine wa namna hiyo, na mwaka 1958 akaandika habari zao. Uvimbe huo ni kansa ya tezi, ambayo wataalamu huiita limfoma, na hii ya watoto ikapewa jina lake.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha kilometa 16,000, wakipita Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waligundua kwamba ugonjwa hupatikana penye joto na mvua, na huadimika nyanda za juu zenye baridi. Ni kule kule iliko malaria.

Mwaka huo huo mtaalamu Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt mjini London, akashuku kwamba kuna kirusi. Vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa kwake kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kwamba wamekiona. Kirusi hicho kinaitwa Epstein-Barr.

Lakini sikiliza vizuri. Kirusi hicho huenea kwa mate, na watu wazima zaidi ya 9 katika kila 10 duniani wanacho. Wengi wetu tulikipata utotoni, na hatukuugua kansa. Kwa hiyo kirusi peke yake hakitoshi. Wataalamu wanaeleza kuwa malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mtoto na kuzichochea chembechembe nyeupe za damu zizaliane kupita kiasi. Katika kuzaliana huko moja huharibika, na kansa huanzia hapo.

Tanzania nayo ilijaribu kulithibitisha jambo hili. Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa chini ya miaka 10 wa North Mara walipewa klorokwini mara mbili kwa mwezi. Kansa ilipungua, ila ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya dawa, na malaria nayo haikukaa chini kwa muda mrefu. Jaribio hilo halikumaliza ubishi.

Lililo wazi ni hili: mtoto huyu hamwambukizi mwenziwe kansa. Kumtenga ni kumwonea bure. Adui yake ni kuchelewa, kwa sababu uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili. Heri yake ni kwamba husikia dawa haraka, na wengi wanaowahishwa hupona. Uvimbe wa taya au tumbo usiotulia upelekwe hospitali upimwe. Matibabu ya kansa za watoto yapo Muhimbili. Na usiku, chandarua kishushwe.